Meredith Grey na misiba yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaoifuata Grey's Anatomy, na pia wa wale wanaoishi nyumba moja na wanaoifuata. Maswali mengi nimeulizwa na dada zangu na majirani, machache nimejiuliza mwenyewe usiku, nikishindwa kulala baada ya sehemu nzito. Nimeitazama tamthilia hii tangu mwanzo, kisha nikairudia, na majibu haya ni ya mtu anayempenda mhusika huyu na kumchukulia kwa uzito. Humu kuna habari za msimu wa 1 hadi wa 19. Kama hujafika huko na hutaki kuharibiwa utamu, tazama kwanza halafu urudi.

Meredith Grey ni nani, kwa sisi tusiomjua?

Ni daktari mpasuaji wa kubuni anayeigizwa na Ellen Pompeo. Tamthilia yenyewe ilibuniwa na Shonda Rhimes, na ABC ya Marekani ilianza kuirusha tarehe 27 Machi 2005. Tunakutana na Meredith akiwa daktari mpya kwenye mafunzo ya vitendo, siku yake ya kwanza katika hospitali ya Seattle Grace, mjini Seattle. Tangu hapo amefiwa na mama, mama wa kambo, mdogo wake, mume, baba na marafiki. Mwenyewe amekaribia kufa mara kadhaa.

Msiba uliomuumba ni upi? Wengi husema ni kifo cha mumewe, Derek.

Kwangu si Derek. Ni jambo lililotokea jikoni, Meredith akiwa na miaka mitano, wala siku hiyo hakufa mtu.

Mama yake, Ellis Grey, alikuwa mpasuaji mashuhuri, mshindi mara mbili wa Harper Avery, tuzo kubwa ndani ya ulimwengu wa hadithi hii. Alikuwa na mapenzi ya siri na daktari mwenzake, Richard Webber, na wote wawili walikuwa na ndoa. Walikubaliana kila mmoja amwache mwenziwe. Ellis akamwacha wake. Richard akashindwa, na akaja kumwambia hivyo penye bembea ya kuzunguka yenye farasi, mtoto akiwa karibu. Baada ya hapo Ellis alijaribu kujitoa uhai nyumbani, jikoni, mbele ya binti yake. Na alimpa agizo: asipige simu. Mtoto akakaa sakafuni. Akasubiri. Mama alipozimia ndipo akapiga simu kuita msaada.

Mtoto wa miaka mitano amefunzwa kwamba kumtii mama maana yake ni kukaa kimya huku mama anaondoka. Tena baadaye hakuna aliyekaa naye chini wakalizungumza. Ellis alipona, akamchukua bintiye wakahamia Boston, akarudi kwenye upasuaji, na sifa zake zikaendelea kukua. Mtoto akabaki na somo lake.

Ukiushika uzi huo, mambo mengi ya Meredith yanaanza kueleweka. Chukua sehemu mbili za bomu katika msimu wa 2. Ya kwanza ilirushwa tarehe 5 Februari 2006, mara tu baada ya fainali ya Super Bowl. Mgonjwa ana kombora kifuani ambalo halijalipuka. Mhudumu wa gari la wagonjwa aliyekuwa amelishika anaingiwa na hofu, anautoa mkono wake na kukimbia. Meredith anauingiza wake papo hapo, kabla hajafikiri. Wenzake wakaona ni ushujaa, na ni ushujaa kweli. Lakini ndani yake kuna mtoto anayejua kukaa bila kutikisika mbele ya kifo, kwa kuwa alishafanya hivyo siku nyingi.

Baba yake alikuwa wapi?

Aliondoka. Thatcher Grey aliachana na Ellis Meredith akiwa mdogo, akaoa tena, akapata mabinti wawili, Lexie na Molly, na akawa kwao baba wa kawaida anayerudi nyumbani jioni. Nadhani hilo lilimuuma Meredith kuliko kuachwa kwenyewe: kugundua kwamba baba aliweza kulea, ila hakumlea yeye.

Kisha akaja mama wa kambo, Susan. Alimtembelea bila kualikwa, akamjazia friji chakula, akamfulia. Meredith alianza kumzoea. Katika msimu wa 3 Susan alikuja hospitali kwa sababu ya kwikwi zisizokoma, mambo yakaharibika, akafariki. Thatcher akamzaba Meredith kofi mbele ya watu, ndani ya hospitali anakofanya kazi. Miaka mingine ikapita, ini la Thatcher likafa kwa pombe, na Meredith akamkatia kipande cha lake. Alisema wazi kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya Lexie. Katika msimu wa 15 alimfuata baba huyo akakaa naye siku zake za mwisho. Hakukuwa na maneno makubwa, na waandishi walifanya vyema kutoyalazimisha.

Katika ajali ya kivuko, je, Meredith alitaka kufa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi ya yote.

Ajali ya kivuko imo katika msimu wa 3, mwaka 2007. Turudi nyuma kidogo. Ellis ana Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) iliyomwanza mapema, hamtambui bintiye siku nyingi. Siku moja akili zake zinamrudia, na Meredith anafurahi: hatimaye nitazungumza na mama. Mama anamtazama, anauliza maisha yake yakoje, anasikia habari za mpenzi, na jibu lake ni kwamba binti yake amekuwa mtu wa kawaida tu. Kwa Ellis hilo lilikuwa tusi baya kuliko yote. Kisha ugonjwa ukamfunika tena. Meredith hakupata hata nafasi ya kujibu.

Baada ya hapo ndipo tunamwona akizama kwenye beseni la kuogea na kukaa chini ya maji muda mrefu kupita kiasi, mpaka Derek anamtoa. Na kwenye ajali, akimtibu majeruhi ukingoni mwa gati, mtu huyo anarusha miguu kwa maumivu na kumsukuma baharini. Meredith anajua kuogelea. Anaogelea. Halafu anaacha.

Hakujirusha. Alianguka, akapambana, kisha akakoma kupambana. Hapo tamthilia ilionyesha jambo ambalo televisheni huliogopa: kwamba mtu anaweza asitake kufa, na bado akachoka kutaka kuishi. Watazamaji wengi wanamlaumu Derek, wengine wanamlaumu mama. Mimi namwona mtoto wa jikoni tena. Hakuna aliyemruhusu kupiga kelele, basi hata akizama hapigi.

Wakati madaktari wanampigania, yeye yuko mahali pengine, anakutana na waliokufa. Mwisho wa korido anamkuta Ellis, ambaye saa hiyohiyo anafariki kwenye chumba kingine cha hospitali. Mama anamfukuza arudi, na anaifuta ile kauli: wewe si mtu wa kawaida hata kidogo. Ilibidi wote wawili wawe wamekufa ndipo neno hilo lisemwe.

Kama sehemu hizo zinakugusa karibu mno, usizitazame peke yako. Mwambie mtu unayemwamini kilicho moyoni, hata kwa maneno mabovu. Meredith alichelewa kufanya hivyo mwaka mzima.

Alipata matibabu ya akili?

Ndiyo, katika msimu wa 4, kwa Dkt. Wyatt, aliyeigizwa na Amy Madigan. Napenda jinsi vikao vyake vilivyoandikwa. Meredith anafika akiwa mkaidi, anatania, anatazama saa, anaaga mapema. Wiki nyingi hakuna kinachotoka. Wengi wetu tungefanya hivyohivyo.

Kilichofungua mlango ni hesabu ya kidaktari. Meredith, sasa akiwa mpasuaji mwenyewe, anaitazama upya siku ile ya jikoni. Mama yake alikuwa bingwa wa mwili wa binadamu. Angekusudia kufa, asingeokolewa. Alichotaka ni Richard aje. Kwa miaka zaidi ya 20 Meredith alikuwa ameamini kwamba mama alichagua kifo kuliko yeye. Anatoka kwa Wyatt akiwa na hadithi nyingine ya utoto wake, na usiku huo anamchorea Derek ramani ya nyumba kwa mishumaa, pale mlimani, vyumba vyao vya kesho vikiwaka ardhini.

Kuna jambo moja dogo la msimu huohuo ambalo nalipenda kuliko mishumaa. Meredith alikuwa akizunguka na majivu ya Ellis ndani ya mfuko wa plastiki, hajui ayapeleke wapi. Mwishowe, pamoja na Richard, aliyamwaga kwenye sinki wanaponawia mikono wapasuaji kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Mazishi ya ajabu, najua, na shangazi zangu walishtuka. Lakini Ellis hakuwahi kuwa na nyumba nyingine.

Yale "maisha ya giza" anayojisifia na rafiki yake mkuu, Cristina, ni tabia au ni jeraha?

Ni jeraha lililogeuzwa utambulisho. Mtu aliyeumizwa mapema hujitafutia jina la maumivu yake ili yasimwaibishe. Meredith na Cristina Yang walijiita watu wenye giza na roho zilizopindapinda, na jina hilo likawapa undugu. Cristina naye alimshuhudia baba yake akifa kwenye ajali ya gari akiwa na miaka tisa. Hawakuhitaji kuelezana.

Angalia pia hospitali nzima: Derek na dada yake Amelia walikuwa watoto baba yao alipopigwa risasi dukani kwake, na wao walikuwepo. Waandishi wamewakutanisha watu wanaotambuana kwa makovu.

Baada ya shambulio la bunduki, kwa nini Cristina alivunjika na Meredith akaendelea?

Shambulio ni la mwisho wa msimu wa 6, Mei 2010. Gary Clark, mjane ambaye mkewe aliondolewa mashine za kupumulia, anaingia hospitalini akimtafuta Derek. Cristina anampasua Derek huku bunduki imeelekezwa kwake. Meredith anajitoa auawe yeye badala ya mumewe, mimba inamtoka hapohapo, na bado anasimama kumtibu daktari mwenzao Owen aliyepigwa risasi.

Katika msimu wa 7 Cristina hawezi tena kushika kisu. Analala sakafuni chumba cha upasuaji, anaacha kazi, anauza vinywaji baa, na kinachoanza kumrudisha ni kwenda kuvua na Derek mpaka akanasa samaki. Kila mtu anamwona anaumwa. Meredith anatembea, anafanya kazi, na habari ya mimba ameificha.

Swali lenyewe, basi, limebeba kosa. Hakuendelea. Alinyamaza. Wazee walishasema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha Meredith kilitokea mahali asipotarajiwa. Mwisho wa msimu huohuo ilibainika kwamba alichezea jaribio la dawa ya Alzheimer ili Adele, mke wa Richard, apate dawa halisi badala ya ile isiyo na kitu. Ukijua mama yake alikufaje, huhitaji mtu akueleze kwa nini. Kosa hilo lilimgharimu kazi kwa muda, lilitikisa ndoa yake, na nusura limnyime Zola, mtoto kutoka Malawi waliyekuwa wakimwasili.

Na ajali ya ndege?

Mei 2012, mwisho wa msimu wa 8. Lexie anakufa akiwa amebanwa chini ya mabaki, daktari mwenzao Mark Sloan anafuata mwanzoni mwa msimu wa 9, daktari Arizona anakatwa mguu, Derek anaumia mkono. Hospitali baadaye inapewa majina ya wafu hao wawili: Grey Sloan Memorial. Meredith anakuwa mkali hadi madaktari wapya wanambandika jina la Medusa, na ndege inamtisha. Hapo ukali ni ganda tu, na kidogo kidogo linapasuka. Sina mengi ya kuongeza. Nadhani tamthilia ilishughulika zaidi na kesi ya fidia kuliko na mtu aliyempoteza mdogo wake aliyechelewa kumjua.

Derek alipofariki, mbona Meredith hakulia?

Swali hili huulizwa sana na watu wa kwetu, waliozoea msiba wenye sauti. Sehemu hiyo ilirushwa tarehe 23 Aprili 2015. Derek anawaokoa watu kwenye ajali ya barabarani, kisha gari lake linagongwa na lori. Anapelekwa hospitali isiyo na uwezo wa majeruhi wa namna yake, na hakuna anayempima kichwa kwa wakati. Yeye bingwa wa ubongo amelala pale, anasikia kila kitu, anajua wanachokosea, na hawezi kusema.

Polisi wanagonga mlango wa Meredith. Anawachukua watoto, anaenda, anasoma faili, anaelewa yote kwa mara moja. Anasaini karatasi. Anamwambia mume wake aende, watakuwa salama. Sauti haitoki.

Mama yangu mdogo alipofiwa na mumewe hakulia siku zote za matanga. Alikuwa anapima mchele, anahesabu sahani, anauliza kama wageni wa mbali wamepata pa kulala. Wanawake wakaanza kunong'ona. Baada ya arobaini nilimkuta ameshika shati lililokuwa bado linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na hapo nikasikia kilio ambacho sijawahi kukisikia tena. Tangu siku hiyo simhukumu mfiwa kwa machozi yake.

Meredith ana mambo mawili yanayomzuia. La kwanza ni taaluma: amewapa watu wengi habari za kifo kwa uso uliotulia, na uso huo umemganda. La pili ni jikoni. Mbele ya anayekufa, yeye anajua jambo moja tu la kufanya, nalo ni kukaa kimya karibu yake. Na aliyekuwa akijua kumsikiliza, Cristina, alikuwa amehamia Uswisi mwaka mmoja kabla.

Kwa nini alitoroka na watoto bila kumwambia mtu?

Baada ya mazishi aliondoka na Zola na Bailey na kupotea karibu mwaka mzima. Watu waliona ni ukatili kwa Amelia, dada wa Derek, na kwa rafiki yake Alex aliyekuwa akipiga simu bila kujibiwa. Ni kweli uliwaumiza. Ila mtazame: Ellis naye, baada ya kuachwa na Richard, alichukua binti na kukimbilia mji mwingine akiwa na mimba. Mimba ile ndiyo Maggie Pierce, aliyetolewa kulelewa na wengine na kuja kujulikana miaka mingi baadaye. Meredith naye anakimbia akiwa na mimba. Anarudia njia ya mama yake hatua kwa hatua.

Halafu inakuja tofauti, nayo ndiyo sababu ninaitetea sehemu hii mbele ya kila anayeilaumu. Meredith anaanza kuvuja damu kwa sababu kondo la nyuma limekaa vibaya. Yuko sakafuni, mtoto mdogo wa kike yuko mbele yake. Picha ni ileile. Lakini safari hii mtoto anapiga simu, msaada unafika, mama anaishi. Somo la jikoni limevunjwa na Zola, ambaye hata hajui kwamba lilikuwepo. Mtoto aliyezaliwa akapewa jina la Ellis.

Nilipoitazama mara ya kwanza sikuliona hilo. Mara ya pili niliizima televisheni nikakaa kwanza.

Alimsamehe Penny?

Penny Blake ni daktari kijana aliyekuwa zamu usiku aliokufa Derek. Katika msimu wa 12 Callie, daktari mwenzake Meredith, anamleta kama mpenzi wake kwenye chakula cha jioni nyumbani kwa Meredith, bila kujua. Baadaye Penny anakuja kufanya kazi hospitali hiyohiyo. Meredith anamfanyia ukali, kisha taratibu anaanza kumfundisha. Msamaha wake hauna hotuba. Unaonekana pale anapomkabidhi kazi ya kweli na kumwacha aimalize. Msimu huohuo kuna sehemu iliyoongozwa na Denzel Washington, ya tarehe 11 Februari 2016: mgonjwa aliyechanganyikiwa baada ya kifafa anamshambulia Meredith, naye Meredith anapoteza usikivu kwa muda na taya linafungwa kwa nyaya. Mwanamke aliyezoea kunyamaza kwa hiari sasa amenyang'anywa sauti, na ndipo tunaona hasira yake yote kwa uchi.

Je, anapitia zile hatua tano za huzuni?

Tamthilia yenyewe ilizitumia mwaka 2009, kwenye sehemu mbili zilizoufungua msimu wa 6 baada ya George O'Malley, mwenzake Meredith tangu siku za mafunzo, kufariki. Hatua hizo zilienezwa na kitabu cha Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, na watu husahau kwamba msingi wake ulikuwa mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Hazikutokana na wafiwa. Hazikukusudiwa ziwe ngazi ya kupanda moja moja.

Kinachomfaa zaidi Meredith ni maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut ya mwaka 1999: mfiwa huyumba, mara yuko ndani ya msiba wake, mara yuko kwenye kazi za maisha, na kuyumba huko ndiko kunamponya. Asubuhi analia, mchana anapasua, usiku analia tena. Anayemwona mchana atadhani amesahau.

Tena hawaachi wafu wake. Katika sehemu ya 300, ya Novemba 2017, anashinda Harper Avery, tuzo ya mama yake. Hakwenda kwenye sherehe, alikuwa anapasua. Wenzake wanampigia makofi kutoka kwenye roshani ya watazamaji, anainua macho, na kati yao anamwona Ellis anapiga makofi. Mimi hapo nililia bila aibu.

Si waandishi wanalazimisha machozi tu? Mbona kila mtu anakufa?

Sababu moja ni ya kawaida: waigizaji huondoka. T.R. Knight (George) aliondoka mwaka 2009, Chyler Leigh (Lexie) 2012, Patrick Dempsey (Derek) 2015, na wahusika wao wakafa. Sandra Oh alipoondoka mwaka 2014, Cristina aliachwa hai, na hilo linathibitisha kwamba palikuwa na njia nyingine.

Lawama yangu ni hii. Bomu, maji, risasi, ndege, kipigo: mwili mmoja hauwezi kubeba yote hayo, na kuna misimu ambayo janga jipya linakuja kabla la zamani halijazikwa. Huo mwaka wa ujane ulipitishwa haraka, sikukuu moja baada ya nyingine, ndani ya saa mbili za televisheni. Ningetoa majanga matatu ya baadaye nipewe miezi mitatu tu ya mwaka ule, polepole, na Zola akiuliza baba yuko wapi.

Ufukwe wa msimu wa 17 una maana gani?

Msimu ulioanza Novemba 2020 unamweka Meredith kitandani na korona, na katika usingizi wake yuko ufukweni. Derek anamsubiri kwa mbali. George anakuja, Lexie na Mark wanakuja, na daktari mwenzake DeLuca, aliyechomwa kisu, anapita akimwendea mama yake.

Kumbuka mara ya kwanza maji yalipomchukua. Alikuwa amechoka, na ilibidi mama amfukuze arudi. Safari hii anaowapenda zaidi wako upande wa pili, hakuna anayemlazimisha, na anauliza habari za watoto wake. Anarudi kwa miguu yake mwenyewe. Kati ya misimu hiyo miwili kuna miaka 14, na huko kubadilika kwa mtu mmoja ndiko kunanifanya nivumilie hata misimu dhaifu ya katikati.

Jeraha limefika kwa watoto?

Limefika kwa Zola. Katika msimu wa 19 anapata mshtuko wa hofu, na chanzo kinajitokeza: anaogopa mama atapata Alzheimer kama bibi. Meredith alishapimwa miaka ya nyuma na anajua amebeba vinasaba hatarishi. Kuna njia ya Ellis, ya kumwambia mtoto anyamaze. Meredith anamsikiliza mpaka mwisho, anamjibu ukweli, kisha nyumba ya Ellis inaungua kwa radi na familia inahamia Boston, ambako atafanya utafiti wa ugonjwa huohuo.

Nimefiwa hivi karibuni. Niitazame?

Pole sana, ndugu yangu. Usianze mwanzo na kufululiza. Kama ni mume au mke, ruka sehemu ya 21 ya msimu wa 11 mpaka utakapoweza. Kama aliyeondoka alijitoa uhai, au wewe mwenyewe mawazo hayo yanakujia, iache ile ajali ya kivuko na urudi kwake ukiwa na mtu pembeni. Anayeuguza mzazi aliyepoteza kumbukumbu ataumia na Ellis wa misimu mitatu ya kwanza, ingawa jirani yangu mmoja aliniambia ndizo sehemu pekee zilizomfanya ajisikie hayuko peke yake.

Ukihitaji pa kuanzia, anza na msimu wa 4, vikao vya Wyatt. Havina damu nyingi. Wanawake wawili wamekaa, mmoja hataki kusema, mwingine anasubiri.